Ijwi ina alama zake, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wanaokesha ili gazeti litufikie asubuhi. Mimi ni mama fundi wa kushona hapa Birere, mjini Goma. Nimezaliwa Ijwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, upande wa kaskazini, kwenye kilima ambacho ukiondoka Bugarula alfajiri unakifikia kwa miguu kabla jua halijawa kali. Sijawahi kuandikia gazeti. Lakini wiki mbili zilizopita mteja mmoja aliniletea kikwembe chake amekifunga katika gazeti lenu. Nilipokuwa nakifungua nikaona jina la kisiwa chetu, nikaweka futi mezani, nikasoma nimesimama.

Mwandishi wenu ameandika vizuri kuhusu mananasi yetu, na ni kweli, mwenye kula nanasi la Ijwi hataki tena lingine. Ameandika juu ya ufuko, hewa safi na watu wasiogombana. Kwa hayo namshukuru. Lakini katikati ya habari ile kuna sentensi moja imenichoma: kwamba Ijwi ni mahali pa kupumzika, ila anayetafuta historia aende kwingine, kwa kuwa kisiwa hakina jengo la kale wala alama ya kutazama.

Bwana Mhariri, naomba nafasi nijibu sentensi hiyo moja tu.

Wazee wetu hawakujenga kwa mawe. Nyumba ya mwami, yaani mfalme wetu, ilikuwa ya miti na nyasi kama nyumba ya mtu mwingine, ila kubwa zaidi, na ua wake ulizungushiwa nguzo za mivumu. Mvumu ni mti wa ajabu. Ukikata tawi lake ukalichomeka ardhini kuwa nguzo, linaota. Mwami akihama au akifa, nyumba inaoza, mchwa wanamaliza nguzo za ndani, mvua inasawazisha majivu ya jiko. Ua wenyewe unaendelea kukua. Mjukuu wa mjukuu anapopita pale anakuta duara la miti mikubwa juu ya kilima, na katikati hakuna kitu, labda maharagi ya mtu. Mgeni anaona kivuli kizuri, anakaa, anakunywa maji yake, anaondoka. Sisi tunajua tumeketi ndani ya ua wa mwami. Hilo ndilo jengo letu la kale, na ni hivyo hivyo ng'ambo ya Rwanda na kwenye vilima vingi vinavyozunguka ziwa hili.

Kilimani kwetu nilipokuwa mtoto mivumu ilikuwa minne. Leo umebaki mmoja. Nitarudi kwenye habari hiyo, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Koko wangu, mama mzaa baba, alikuwa akituketisha chini ya ule mkubwa kupura maharagi. Yeye alizaliwa kabla ya vita ya kwanza ya wazungu, na alipokuwa mtoto alivaa nguo iliyotoka kwenye mti. Mimi ninayeshona kila siku pamba, polista na bazin, ni yeye aliyenifundisha kwamba ushonaji wa kwetu ulianza kwenye gome la mvumu. Alituonyesha kwa mikono yake jinsi babake alivyokuwa akifanya. Unakwangua ganda la juu lililo gumu. Unakata mstari kuzunguka shina, mmoja chini na mmoja juu, kisha unapasua mara moja kwa urefu. Unapenyeza kabari ya mgomba polepole, huku unazungusha, na gome linatoka zima kama mtu anayevuliwa shati. Mti unabaki uchi. Huuachi hivyo: unaufunga kwa majani ya mgomba kama unavyofunga jeraha, mpaka uote gome jingine. Lile ulilotoa unalipondaponda kwa nyundo ya mti iliyochongwa mifereji, unapiga na kutanua, unapiga na kutanua, siku nzima, mpaka kilichokuwa na upana wa mkono kinafunika mgongo wa mtu mzima. Ukikianika juani kinashika rangi ya udongo mwekundu. Koko alisema kijiji kizima kilijulikana kwa mlio wa nyundo hizo kabla hujakiona. Kisha kitambaa cha amerikani kikaja, nyundo zikanyamaza, watu wakazichoma kama kuni.

Ule mvumu mkubwa ulikuwa na kovu. Mistari miwili imezunguka shina, mmoja kwenye goti langu na mwingine juu ya kichwa cha koko, na kati yake gome lilikuwa laini kuliko sehemu nyingine. Nilipitisha kidole changu pale mara nyingi. Huo ulikuwa mshono wa babake koko. Sasa niambie, Bwana Mhariri, kama hiyo si alama ya kutazama, alama ni nini?

Koko aliniachia kitu kingine, na hiki ninacho hapa Goma. Ni butega. Vijana wa leo hata Ijwi kwenyewe hawajui neno hilo, kwa hiyo nieleze. Butega ni vikuku vyembamba sana vya kuvaa mguuni, vilivyosukwa kwa nyuzi za mmea wa msituni, na vilitengenezwa na Batembo, ng'ambo ya magharibi, mbali na maji kabisa. Watu walivivaa kwa uzuri, lakini vilikuwa pia pesa. Karne ya 19, kabla ya faranga yoyote, mtu aliyetaka mbuzi, jembe, chakula au hata ng'ombe kwenye pwani za ziwa hili aliweza kulipa kwa mafungu ya butega. Na kati ya Batembo walioko msituni na Banyarwanda walioko mashariki, nani yuko katikati? Ni Ijwi. Mitumbwi yetu ndiyo iliyobeba. Kisiwa ambacho leo mtu anakiona ni mwisho wa dunia kilikuwa njia panda.

Nilizonazo ni duara chache tu, nyeusi kwa mafuta ya ngozi za watu waliozivaa. Ukizishika ni nyepesi kama hazipo. Msuko wake ni mwembamba kiasi kwamba mimi fundi mwenye miaka mingi kwenye mashini nimetafuta mahali uzi ulipoungwa na sijapaona. Tarehe 17 Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipotema moto mpaka katikati ya mji, duka langu hapa Birere lilikwenda lote. Mashini mbili, vitambaa vya wateja, nguo za harusi zilizokuwa zinangoja vifungo. Nilikuwa nimekimbia na watoto na kopo moja la maziwa ya unga ninaloweka sindano, na ndani ya kopo hilo ilikuwamo butega ya koko. Waliponiuliza kambini umeokoa nini nikasema nimeokoa watoto na mali ya nyumbani kwetu. Sikueleza zaidi.

Naona nimekwenda mbali. Turudi kisiwani.

Nchi yenyewe ni ya kale kuliko hii tunayokanyaga Goma. Hapa tunajenga juu ya mawe meusi yaliyotoka motoni juzi. Ijwi haina volkeno. Ni mgongo wa mlima wa mawe ya zamani sana. Wataalamu wanaeleza kwamba zamani maji ya bonde hili yalikuwa yakielekea kaskazini, kisha milima ya Virunga ikaziba njia, maji yakajaa, yakatafuta mlango wa kusini ambao leo ni Mto Ruzizi. Mlima uliokuwa katikati ukabaki kisiwa. Ni kisiwa cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vyote vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe ya Tanzania, zaidi ya kilomita 280 za mraba. Wanaosema "kakisiwa" wapande mara moja kutoka ncha ya kaskazini mpaka ya kusini kwa miguu, halafu waseme tena.

Waliokaa pale kwanza ni Bambuti. Wazee wote niliowauliza wanakubali hivyo, hata walio wa ukoo wa kifalme. Walikuwa watu wa msitu wakati Ijwi ilikuwa na msitu. Leo msitu umebaki kidogo, na wao wamebaki pembezoni mwa mashamba ya watu, wengine hawana hata shamba la kuzika maiti. Nikisema nataka historia ya kisiwa iandikwe, naanza na hao, nisije nikafanya kosa lile lile la mwandishi wenu.

Baadaye zikaja koo nyingine, kutoka pande zote mbili za ziwa: Banyambiriri, Balega, Bashaho na nyingine nyingi. Watu waliishi bila mwami. Kisha, kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakavuka watu wa ukoo wa Basibula kutoka bara, na Mwendanga akawa mwami wa kisiwa. Jambo ambalo nataka wasomaji walishike ni hili: Mwendanga hakuweza kuwa mwami peke yake. Kila mwaka kulikuwa na muganuro, sikukuu ya kuonja mavuno mapya, na katika muganuro kila ukoo ulikuwa na kazi yake. Wapo walioleta nafaka, wapo walioshika vitu vya siri vya ufalme, wapo waliotakiwa kuwapo ili jambo liwe halali. Hata leo ukimwuliza mzee wa Ijwi yeye ni wa ukoo gani, hakwambii jina tu. Anakwambia na kazi ambayo babu zake walifanyia mwami. Katika kilima chetu kuna njia moja ya miguu, nyembamba, inayoteremka hadi ziwani ikipita katikati ya migomba, na shangazi yangu mkubwa huiita njia ya mavuno. Ukiiona ni njia ya mbuzi. Hakuna atakayekupiga picha pale. Lakini alivyofundishwa yeye na mamake ni kwamba hapo ndipo nafaka ya muganuro ilipopita, na mpaka leo, akiwa na miaka yake mingi na fimbo mkononi, hapiti pale na kitu kichafu.

Mwana wa Mwendanga aliitwa Kabego. Huyu ndiye aliyepambana na Rwabugiri, mwami wa Rwanda, aliyetaka ziwa lote liwe lake. Rwabugiri alikuja na mitumbwi, alishindwa, alirudi. Mwishowe Kabego aliuawa na kisiwa kikaingia chini ya Rwanda kwa miaka, Rwabugiri akawa na makazi yake pale pale kwetu. Alipofariki mwaka 1895 watu wa Ijwi hawakungoja, wakarudisha watu wa ukoo wa Mwendanga. Ninapoandika haya sitaki kuchochea mtu yeyote wa leo. Bibi harusi wengi niliowashonea Goma wameolewa ng'ambo na wengine wametoka ng'ambo kuja kwetu, na Ijwi yenyewe imejaa watu wenye mama huku na baba kule. Nasema tu yaliyotokea, kama anavyosema mtu aliyelelewa na watu waliosikia kutoka kwa walioona.

Wazungu nao hawakuchelewa. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alikutana na Rwabugiri, akafika ziwani, akapanda Nyiragongo. Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya wakakaa Brussels wakachora mpaka katikati ya maji, na Ijwi ikawekwa upande wa Wabelgiji. Hakuna aliyeuliza mtu wa Ijwi hata mmoja. Septemba 1914 Wajerumani wakavuka kutoka Rwanda wakaiteka, na 1916 Wabelgiji wakairudisha. Koko alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alichokumbuka si bendera. Alikumbuka kwamba mama zao waliwafundisha kulala kwenye migomba bila kukohoa, na kwamba mitumbwi yote ya babake ilichukuliwa na hakuna uliorudi, na kwamba kwa muda mrefu watu wa kilima waliangalia samaki wakiruka majini bila kitu cha kuwafuatia.

Baada ya hapo kuna mashamba ya wazungu, kahawa na miti ya kwinini, na habari ya ardhi nani aliichukua kwa nani, ambayo haijaisha mpaka leo. Hiyo nawaachia wanasheria. Kuna pia sambaza, ambao wengi wanadhani walikuwapo tangu Mungu aumbe ziwa. Hapana: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi wa ekipe, mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, na zile nyimbo za kupigia kasia mnazosikia usiku mkiwa Goma kwenye ufuko, mkidhani ni nyimbo za burudani tu, ndani yake kuna majina ya rasi na vilima vya Ijwi, yamepangwa jinsi mtumbwi unavyoyapita. Alikuwa akiniimbia nikiwa nashona, na nilijua amefika wapi ziwani ijapokuwa ameketi kwenye kiti.

Kahawa nayo imetuachia alama, za aina nyingine. Kulikuwa na miaka ambayo bei huku ilikuwa si bei. Wanaume walipakia kahawa kwenye mitumbwi usiku na kuvuka kwenda Rwanda kuiuza, bila taa ili wasionekane, na ziwa letu usiku linajua kugeuka ghafla. Mjomba wangu alikwenda hivyo. Mjane wake alipanda mbono mahali mtumbwi ulipoondokea, kwa kuwa hakuna kaburi. Ukishuka kutoka kwetu utaiona mibono kadhaa, kila mmoja una mwenyewe. Hizo pia si mawe.

Nisiseme ziwa ni la zamani tu. Aprili 2019 boti lilizama upande wa Kalehe, wakapotea watu wengi, na Rais alikuja akaamuru kila msafiri avae jile la kuokoa maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 jingine likazama hapa hapa Goma, mbele ya gati ya Kituku, watu wanaona kwa macho. Nilikuwa miongoni mwa mama waliokwenda na vikwembe kuwafunika waliotolewa. Mpaka leo ninapopanda boti kwenda nyumbani ninaangalia jile kwanza, nafungua mshono wake kidogo nione ndani kuna nini, maana mimi ninajua kushona na ninajua pia jinsi ya kudanganya kwa mshono.

Sasa niseme nilivyoanza kuandika. Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka tena, na siku chache baadaye mji ukaambiwa uondoke, wengine walikwenda Sake, wengine Rwanda, sisi tukapanda boti kwenda Ijwi. Nilikaa kwa shangazi zangu wawili wiki kadhaa bila mashini, na mikono isiyo na kazi inaniumiza. Nikanunua kaye ya kurasa 100 na biki. Kila jioni, bugali ukishaliwa, niliuliza swali moja. Moja tu, kwa sababu ukimwuliza mzee maswali matatu anakujibu la mwisho. Hapa palikuwa pa nani? Kijito hiki kwa nini kinaitwa hivi? Nani alikuwa wa kwanza kupanda mgomba mahali hapa? Shangazi mkubwa alikuwa anafumba macho kabla ya kujibu, kama mtu anayetafuta sindano kwa vidole. Siku moja alinikatisha katikati ya sentensi akasema, soma ulichoandika. Nikasoma. Akasema, umeandika jina la mtoto, andika na la mamake, bila mamake huyo ni mtu yeyote. Tangu siku hiyo naandika na mama.

Kaye ya kwanza ilijaa, ya pili pia. Nimesikia baadaye kwamba mwanahistoria mmoja wa Marekani, David Newbury, alikaa Ijwi miaka ya 1970, akazunguka vilima, akaketi na wazee wa kila ukoo, na mwaka 1991 kikatoka kitabu juu ya wami na koo za kisiwa chetu. Mtoto wa dada yangu anayesoma chuo hapa mjini alinisomea baadhi ya kurasa akinitafsiria, na nililia kusikia Mwendanga na muganuro vikitoka kwenye karatasi. Namheshimu mtu huyo kwa kazi yake. Lakini kitabu ni cha Kiingereza. Wazee waliomsimulia wamekwisha kufariki wengi. Mtoto wa shule ya Bugarula, ambaye babu yake labda ndiye aliyesimulia, hajawahi kukiona. Anafundishwa mito ya Ulaya kwa Kifaransa, halafu anapita katikati ya ua wa Basibula akiwa na begi mgongoni, na hajui.

Ndiyo maana mti umekatwa.

Nilikwenda nyumbani mwezi wa nane mwaka jana kwa matanga. Nilipopanda kilima nilijua kuna kitu hakipo kabla sijajua ni nini. Mwanga ulikuwa mwingi mno. Mvumu mkubwa ulikuwa umeangushwa. Shina lilibaki chini, pana kama meza yangu ya kukatia, na maji meupe yalikuwa yamekauka juu yake kama maziwa yaliyomwagika. Pembeni kulikuwa na tanuru la makala, yaani mkaa, bado lina joto ukiweka mkono. Sehemu ile yenye kovu, mshono wa babake koko, sikuiona. Imekwenda na magunia.

Aliyeukata ni kijana aliyenunua kipande hicho cha shamba. Sikutaka kugombana naye, na sitamtaja. Nilimwuliza kwa upole: mwanangu, ulijua mti huu ni wa nini? Akanijibu kwa upole pia: mama, ni mti tu, hautoi matunda, unanizibia jua la maharagi. Akaongeza kwamba hata makala yake hayafai, ni mepesi, hayakai motoni. Alisema kweli. Mvumu si mti wa makala. Nilisimama pale nikafikiri: mtoto huyu hana hatia. Hakuna mtu aliyemwambia. Hakuna kibao, hakuna somo shuleni, hakuna mkubwa wa sheferi, eneo linalotawaliwa na mwami, aliyewahi kufika na kusema huu usiguswe. Na juu ya hayo yote, gazeti linamwambia kwamba kisiwa chake hakina kitu cha kutazama.

Hiyo ndiyo shida yangu na sentensi ile, Bwana Mhariri. Sentensi kama hiyo ni panga. Najua mwandishi hakukusudia. Lakini mtu akisoma kwamba hakuna, hawezi kuona kosa la kuangusha.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza, sahihisheni, hata kwa mistari miwili. Pili, tuna sheferi mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na wami wake bado wanasikilizwa kuliko serikali. Wakisema neno moja hadharani kwamba mivumu ya nyua za kale haikatwi hata kama shamba limeuzwa, haitakatwa. Sijasikia neno hilo likisemwa, na naomba gazeti lenu liwaulize. Tatu, fungueni kona moja ya gazeti kila wiki, ndogo tu, ambayo mzee mmoja wa Ijwi anaeleza mahali pamoja: kijito, gati, mti, jiwe la kusagia, njia. Kwa Kiswahili, ili wa Goma asome, wa Bukavu asome, na mtoto wa Bugarula amsomee koko wake. Mimi nitaleta kaye zangu bure. Sitaki jina langu liandikwe. Waandikwe wao, pamoja na mama zao.

Shangazi mkubwa sasa haoni vizuri na anaanza kuchanganya watoto wa Kabego na wajukuu. Shangazi mdogo bado yuko sawa kabisa. Ndiye aliyeniletea habari kwamba yule kijana wa makala, baada ya mimi kuondoka, alikwenda kwake jioni moja akaomba amwonyeshe duara la ua lilipopita. Wakazunguka pamoja, yeye na fimbo, kijana na vijiti vya kuchomeka. Mvumu wa nne, ule mdogo uliobaki upande wa ziwani, walikata kwake matawi matatu, wakayachomeka pale yalipokuwa yale mengine. Mawili yamekauka. Moja limetoa majani.

Ninavuka Alhamisi ijayo na boti la asubuhi kutoka Kituku, kupeleka sare za wanakwaya. Mwandishi wenu akitaka kwenda nitamshikia nafasi. Aje na viatu vya kupandia, na jile lake mwenyewe kama analo. Butega ya koko nitakuwa nayo kwenye kopo.

Mama fundi, mzaliwa wa Ijwi
Birere, Goma